Fidia na Rambirambi

Katika lugha ya Kiswahili yako maneno mawili yanayotumika kwa fedha iwekwayo mkononi mwa mfiwa. La kwanza ni rambirambi, nalo ni tendo la huruma: mtoaji hutoa kadiri apendavyo, na mpokeaji hana la kudai wala la kulalamikia. La pili ni fidia, nalo ni deni: lina kipimo chake, lina muda wake, na mwenye kulidai aweza kusimama mbele ya hakimu na kumtaka mdaiwa alilipe. Historia ya sheria zihusuzo watu wanaokufa kazini, tangu mwanzo wa karne ya 19 hata leo, ni historia ya jitihada ndefu ya kuiondoa haki ya mjane na yatima katika neno la kwanza na kuiweka katika la pili. Ni historia vilevile ya jinsi kampuni za bima, zilizopewa kazi ya kulipa deni hilo, zilivyoligeuza mara nyingi kuwa mapatano ya bei, ambamo mwenye dhiki hushindwa na mwenye subira.

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, sheria ya Kiislamu ilikwisha kuwafundisha watu tangu kale kanuni ya dia. Mtu akiuawa pasipo kukusudiwa, warithi wake hustahili malipo, ambayo vitabu vya fikihi huyapima kwa ngamia 100. Kwa fikira hiyo kifo huzaa deni. Sheria ya Uingereza ilishika njia nyingine kabisa. Mwaka wa 1808, katika kesi ya Baker na Bolton, mume mmoja alidai fidia baada ya mkewe kufariki kwa ajali ya gari la abiria lililokokotwa na farasi. Jaji, Lord Ellenborough, alisema kwamba katika mahakama ya madai kifo cha binadamu hakiwezi kuhesabiwa kuwa ni dhara la kulipiwa. Mume angeweza kulipwa kwa maumivu yake mwenyewe, na kwa kumkosa mkewe tangu siku ya ajali hata dakika ya kufa kwake. Ya baada ya hapo hayakuwa na bei. Ndipo likapatikana jambo la ajabu, kwamba aliyemvunja mtu mguu alilipa, na aliyemwua hakulipa.

Kanuni hiyo ilidumu mpaka zama za reli. Ajali za treni zilipozidi, na waliokufa wakawa pamoja na watu wenye mali, Bunge la Uingereza lilipitisha mwaka wa 1846 sheria iliyoletwa na Lord Campbell, ikawaruhusu mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu kumshtaki aliyesababisha kifo kwa uzembe. Lakini mlango uliofunguliwa kwa abiria ulikuwa umekwisha kufungwa kwa mfanyakazi. Mwaka wa 1837, katika kesi ya Priestley na Fowler, mtumishi wa muuza nyama alikuwa amevunjika paja baada ya gari la tajiri wake kuelemewa na shehena. Mahakama ilikataa dai lake. Kutokana na hukumu hiyo majaji waliofuata walijenga kanuni ya kazi ya pamoja, yaani kwamba tajiri hana lawama endapo mfanyakazi ameumizwa kwa kosa la mfanyakazi mwenzake. Kanuni mbili nyingine ziliongezwa juu yake: kwamba aliyeingia katika kazi ya hatari amekwisha kuikubali hatari yenyewe, na kwamba aliyechangia japo kidogo katika ajali hapati kitu.

Mjane wa mchimba makaa alipozikabili kuta hizo tatu hakuwa na nguvu ya kuzipita. Shahidi mkuu wa dai lake alikuwa ndani ya kaburi. Mashahidi waliosalia walikuwa watumishi wa yule yule aliyeshtakiwa, nao waliogopa kupoteza kazi. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa rambirambi: jeneza, mshahara wa siku chache, labda ruhusa ya kukaa katika nyumba ya kampuni kwa mwezi mmoja au miwili. Haifai kudhani kwamba matajiri wote walikuwa wagumu wa moyo. Wengi walitoa, na wengine walitoa kwa ukarimu. Lakini walichotoa kilikuwa chao, na aliyepokea alitakiwa kushukuru.

Mwaka wa 1880 Bunge lilijaribu kupunguza urefu wa kuta hizo kwa sheria ya dhima ya matajiri. Sheria haikuwa na makali. Mahali pengi wachimba makaa walitakiwa kujiunga na chama cha kusaidiana kilichochangiwa na tajiri, na kwa kujiunga wakaachilia haki zao za kudai. Mwaka wa 1882, katika kesi ya Griffiths na Earl of Dudley, mjane mmoja alisema kwamba mapatano aliyoyafanya mumewe hayawezi kumfunga yeye. Mahakama iliamua kwamba yanamfunga. Marehemu alikuwa ameiacha haki ambayo mkewe hakupata kuulizwa habari zake.

Nchi ya kwanza kuuvunja mtindo huo ilikuwa Ujerumani. Sheria ya bima ya ajali ya mwaka wa 1884, iliyotungwa katika siku za Bismarck, haikuuliza kosa lilikuwa la nani. Mfanyakazi akifa kazini, mjane wake alipata pensheni ya asilimia 20 ya mshahara wa marehemu, na kila mtoto alipata fungu lake, mradi jumla isipite asilimia 60. Jambo la pili katika sheria hiyo lilikuwa kubwa kama la kwanza: fedha hazikuwekwa mikononi mwa kampuni za biashara. Matajiri wa kila aina ya viwanda walilazimishwa kuunda vyama vyao, wakachangia, na vyama hivyo ndivyo vilivyolipa. Hakuna aliyepata faida kwa mjane kulipwa kidogo, ingawa matajiri walipata nafuu ya michango ajali zilipopungua.

Uingereza ilifuata mwaka wa 1897 kwa sheria iliyosukumwa na Joseph Chamberlain, lakini ilichukua nusu tu ya fikira ya Wajerumani. Iliacha kuuliza kosa la nani, na kwa hiyo ikaiita fidia kwa jina lake la kweli. Kwa kifo ilipanga malipo ya mshahara wa miaka 3 au paundi 150, lile lililo kubwa, bila kupita paundi 300; na ikiwa marehemu hakuacha mtu aliyemtegemea, zililipwa gharama za matibabu na mazishi zisizozidi paundi 10. Lakini fedha zenyewe ziliachwa katika soko. Tajiri alikuwa huru kujilipia mwenyewe au kukata bima, na waliokata bima walikuwa wengi. Biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi baada ya sheria ya 1880, na sasa ikastawi.

Yafaa kueleza hapa namna hesabu ya kampuni ya bima inavyokwenda, maana bila kuifahamu mtu atadhani kwamba shida za wafiwa zilitokana na ubaya wa tabia za makarani. Kampuni hupokea ada kutoka kwa tajiri mwanzoni mwa mwaka. Kila dai lililipwalo hupunguza kile kinachobaki, na kila dai lililocheleweshwa huzaa riba upande wa kampuni. Kampuni ina mawakili wa kudumu, ina madaktari, na ina madai mengi, hata moja likishindwa mengine huziba pengo. Mjane ana dai moja tu. Hana mshahara tena, ana deni la mazishi, na watoto wanataka kula leo. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa kuafikiana juu ya bei, hapana haja ya hila wala vitisho ili mmoja ashindwe. Muda peke yake watosha.

Ndiyo sababu desturi moja ilienea pote: mjumbe wa kampuni kufika mapema katika nyumba ya msiba, akiwa na fedha taslimu na hati ya kutiwa sahihi isemayo kwamba aliyepokea hana dai jingine. Kiasi kilichotolewa kilikuwa chini ya kile cha sheria, lakini kilikuwa mezani. Fidia ikavaa tena nguo za rambirambi: ilionekana kama zawadi, ikapokewa kwa machozi, na ilipopokewa deni likafa.

Bunge lilitambua jambo hilo, na sheria mpya ya mwaka wa 1906 yaweza kusomwa kama orodha ya matundu yaliyoonekana katika ile ya 1897. Iliagiza kwamba fedha za kifo zilipwe mahakamani, si mkononi, ili mahakama izigawe na kuzitunza kwa ajili ya mjane na watoto. Iliagiza kwamba mapatano yaandikishwe, na karani wa mahakama akaruhusiwa kukataa kuyaandikisha endapo kiasi ni kidogo mno. Zaidi ya hayo, ilisema kwamba utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi, ambao hapo mbele uliweza kumnyima mfanyakazi fidia yote, usitajwe tena ikiwa ajali imeleta kifo au ulemavu mkubwa wa kudumu. Agizo hilo la mwisho lina busara kubwa. Aliyekufa hawezi kujibu mashtaka, na ni rahisi mno kumtwika marehemu kosa.

Hata hivyo mlango mmoja ulibaki wazi, nao ulikuwa maneno ya sheria yenyewe: ajali iwe imetokana na kazi, na iwe imetokea wakati wa kazi. Juu ya maneno hayo machache kampuni za bima na matajiri walipeleka kesi mahakama baada ya mahakama. Mfano maarufu ni ule uliofika mwaka wa 1910 katika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufani. Mfanyakazi mmoja alikuwa akikaza nati kwa spana. Mshipa mkuu wa damu kifuani mwake, ambao ulikuwa umevimba kwa ugonjwa wa siku nyingi, ulipasuka, akafa. Upande wa tajiri ulisema kwamba mshipa huo ungaliweza kupasuka hata usingizini. Malodi waligawanyika, na wengi wao wakaamua kwamba kazi ndiyo iliyoupasua, hivyo fidia ilipwe. Wafiwa walishinda. Lakini msomaji na afikiri ni wafiwa wangapi walioweza kufika hata huko, na wangapi walioishia katika barua ya kwanza ya kukataliwa.

Mwaka wa 1920 kamati iliyoongozwa na Holman Gregory ilitoa ripoti juu ya fidia za wafanyakazi, ikaonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya ada zilizolipwa na matajiri ilikuwa ikiishia katika gharama na faida za kampuni kabla ya kumfikia aliyeumia au aliyefiwa. Mwaka wa 1923 kampuni zilizokuwa katika umoja wao zilikubaliana na serikali kwamba walau asilimia 60 ya ada irudi kwa wenye madai. Kwamba ahadi hiyo ilihesabiwa kuwa ni maendeleo kwaeleza hali iliyokuwapo kabla yake.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki safari ile ile ilichelewa, tena ilipita katika moto. Mtafiti wa sheria Crystal Eastman alichunguza vifo vya kazini katika wilaya ya Allegheny, penye mji wa Pittsburgh, kwa mwaka mmoja tangu Julai 1906 hata Juni 1907. Alihesabu vifo 526. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1910 alionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za wanaume waliokuwa na wake hawakupewa kitu na tajiri, au walipewa dola 100 au pungufu yake. Katika viwanda vile wengi wa waliokufa walikuwa wageni kutoka Italia na nchi za Ulaya ya Mashariki, na wake zao aghalabu walikuwa wamebaki makwao. Kwa hao umbali ulikuwa ukuta wa nne. Mwaka wa 1909, katika kesi ya Maiorano, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali uamuzi wa jimbo la Pennsylvania kwamba mjane aishiye Italia hakuwa na haki ya kushtaki chini ya sheria ya jimbo hilo.

Jimbo la New York lilikuwa limepitisha sheria ya fidia mwaka wa 1910. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliitangua, ikisema kwamba kumlipisha tajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake. Siku iliyofuata, tarehe 25 Machi, moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana Wayahudi na Waitalia. Wenye kiwanda walishtakiwa kwa jinai, na mwezi wa Desemba wakaachiliwa. Madai ya wafiwa yalikaa mpaka mwaka wa 1914, yakamalizwa kwa mapatano ya dola 75 kwa kila roho. Kwa upande mwingine, bima ya moto ya kiwanda ililipa. Wanahistoria hukadiria kwamba wenye mali walipata takriban dola 60,000 zaidi ya hasara waliyoweza kuithibitisha, yaani karibu dola 400 kwa kila aliyekufa.

Tofauti hiyo haikutokana na bima ya moto kuwa na huruma kuliko nyingine. Nguo na cherehani zilikuwa na hati ya bima na mwenye hati alikuwa na deni la kudai. Roho za wasichana hazikuwa na hati, kwa hiyo zilikuwa na bei ya mapatano tu. Jimbo lilibadilisha katiba yake mwaka wa 1913, likapitisha sheria mpya iliyoanza kutumika mwaka wa 1914 na kuanzisha mfuko wake wa bima kando ya kampuni. Mwaka wa 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha sheria hiyo katika dai la mjane wa mlinzi wa usiku wa reli. Majaji walieleza kwamba sheria ni kama mapatano yenye pande mbili: mfanyakazi ameacha haki yake ya kushtaki na kupata kiasi kikubwa, naye tajiri ameacha kinga zake za zamani, badala yake kila mmoja amepata jambo la hakika. Ni maelezo ya haki. Lakini ikiwa mfiwa amekwisha kuacha haki ya kushtaki, kumcheleweshea kile alichobadilishana nacho ni kumdhulumu mara mbili.

Uingereza yenyewe ilifikia neno la mwisho kwa njia ya William Beveridge. Ripoti yake ya mwaka wa 1942 iliihukumu fidia ya zamani kuwa ni mpango unaoacha madai yaamuliwe kwa mapatano baina ya watu wasiolingana nguvu, na unaoruhusu malipo ya mkupuo mmoja ambayo hayafai kwa jamii. Sheria ya mwaka wa 1946 ilizitoa fidia hizo mikononi mwa kampuni na kuziweka katika bima ya taifa kuanzia Julai 1948. Mjane akapata pensheni, na mwaka huo huo wa 1948 kanuni ya kazi ya pamoja ikafutwa, baada ya kuishi zaidi ya miaka 100.

Hapo ndipo historia hii inapoigusa Afrika ya Mashariki, tena kwa namna ya kusikitisha. Katika miaka ile ile ya 1940 ambapo Uingereza ilikuwa ikiiacha sheria ya mtindo wa 1897, watawala wake waliileta Kenya na Tanganyika. Vifo vililipiwa kwa mkupuo, kwa kipimo cha mishahara ya miezi kadhaa na kwa kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu ndani ya sheria. Mishahara ya vibarua ilikuwa midogo, kwa hiyo mkupuo nao ulikuwa mdogo. Nayo tarakimu iliyoandikwa haikui pamoja na bei za sokoni: nchini Tanzania sheria hiyo ilidumu mpaka karne ya 21, na kikomo cha fidia ya kifo kilikuwa hakijafika shilingi laki moja. Katika kiasi hicho fidia ilikuwa imekwisha kurudi kuwa rambirambi, tena rambirambi ndogo kuliko ile wanayochangishana majirani.

Kutoka hapo nchi mbili jirani zilishika njia mbili. Kenya, kwa sheria ya mwaka wa 2007, ilibaki na kampuni: tajiri hana budi kukata bima kwa kampuni iliyokubaliwa. Lakini sheria hiyo ilimweka Mkurugenzi wa serikali katikati ya mfiwa na kampuni, ikaweka siku 90 za kulipa dai. Mabishano juu ya sheria hiyo yalifika Mahakama ya Juu, nayo ikaithibitisha mwaka wa 2019. Tanzania, kwa sheria Na. 20 ya mwaka wa 2008, iliufuata zaidi mfano wa Ujerumani: ulianzishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliofungua kazi zake mwaka wa 2015, ambao huchangiwa na waajiri peke yao, nao hulipa msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wa marehemu.

Isisemwe kwamba kila mfuko wa umma ni mwema na kila kampuni ni mbaya. Anayetunza fedha za wengi hana budi kuchunguza. Wako wanaodai ndoa isiyokuwapo, na wako wajomba na ami wanaofika ofisini kabla ya mjane. Ofisi ya serikali nayo yaweza kupoteza jalada, au kumtaka mwanamke aliye edani asafiri siku mbili kuleta cheti ambacho ofisi nyingine ya serikali inacho. Mjane anayesubiri hajali kama anayemchelewesha anatafuta faida au amelala tu.

Lakini mambo matatu yaonekana katika nchi zote zilizotajwa. Mahali ambapo mfiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kosa, hakupata. Mahali ambapo malipo yalikuwa ya mkupuo wa kuafikianwa, alipata pungufu ya haki yake. Na mahali ambapo mlipaji alinufaika kwa kuchelewa, alichelewa. Kila nafuu iliyopatikana, iwe pensheni ya Wajerumani ya 1884, iwe fedha kulipwa mahakamani mwaka wa 1906, iwe siku 90 za sheria ya Kenya, ilipatikana kwa kuandika katika sheria kile ambacho hapo kwanza kiliachwa kwa hiari ya mwenye fedha. Huruma haijapungua thamani kwa sababu hiyo. Majirani wataendelea kuleta rambirambi zao, na kila mmoja ataleta awezacho. Aliyenufaika na jasho la marehemu, pamoja na aliyepokea ada ya kumwekea bima, hao wanaletewa hesabu, nao wanatakiwa kuilipa kwa ukamilifu na kwa wakati wake.